Mikono Inayofunga Lori Chwele

Kazi ya kupakia lori la vitunguu katika soko la Chwele huanza na ufagio. Kabla neti ya kwanza haijapandishwa, kijana mmoja hupanda kwenye bodi miguu mitupu na kufagia sakafu yote, kona kwa kona, akitoa mchanga wa safari ya jana, punje za mahindi, maganda makavu na vijiwe. Mpita njia atadhani ni usafi tu. Lakini mzigo uliokaa juu ya ubao wenye mchanga huteleza upesi, kwa kuwa zile chembe huviringika chini yake. Dereva akikanyaga breki ghafla, kinachozuia tani kadhaa zisimfuate kwanza ni msuguano kati ya gunia na ubao, kisha ndipo kamba inapoingia kazini. Ndiyo maana mkubwa wa genge hupitisha kiganja sakafuni kabla hajaruhusu mtu yeyote kuinua kitu.

Chwele iko eneo bunge la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, chini ya miteremko ya Mlima Elgon. Vitunguu, nyanya, kabeji, viazi na ndizi hushuka hapa kutoka mashamba ya jirani na kutoka juu mlimani, kisha vikapanda malori kwenda Bungoma mjini, Kisumu, Kitale, Eldoret na Nairobi. Habari za soko hili zinazoandikwa huwa ni za bei, madalali na mvua. Wapakiaji hawaandikwi. Nami naona kwamba hawa ndio wanaotekeleza, kwa mikono na kabla jua halijazama, sheria ambayo polisi wa trafiki wanaweza tu kuuliza habari zake baadaye barabarani.

Sheria yenyewe ni fupi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, iliyoanza kutumika mwaka 1954, haitaki gari wala mzigo wake uwe hatari kwa watu walio barabarani. Hata kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zilimtaka anayesafirisha taka ahakikishe hazitawanyiki wala kutiririka njiani. Wamarekani wameandika kwa urefu zaidi: kanuni zao za shirikisho zinasema mzigo usivuje, usimwagike, usipeperuke, usidondoke. Ni maneno manne tu, lakini mtu aliyewahi kupakia nyanya mbivu na miwa wiki moja anajua kwamba kila neno hapo lina ufundi wake, na ufundi wa moja haukusaidii kwa lingine.

Turudi kwenye lori letu. Safu ya kwanza ya neti hubanwa kabisa kwenye ukuta wa mbele, ule ulio mgongoni mwa dereva. Haiachwi nafasi hata ya kupitisha mkono. Mzigo ulioachiwa nafasi ya kukimbia hupata kasi kabla ya kugonga, na ukigonga hivyo ukuta hupinda. Wahandisi wa Ulaya na Marekani wamelitia jambo hili katika tarakimu: ufungaji unatakiwa kuhimili nguvu ya kwenda mbele iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na ya kwenda ubavuni sawa na asilimia 50. Kwa vitunguu vya tani 6, ni karibu tani 5 zinazotaka kuingia mahali dereva alipoketi, na tani 3 zinazotaka kutoka nje kwenye kona.

Safu ya pili hulazwa ikikatisha ile ya chini, kama mwashi anavyopanga matofali, ili kiungo cha juu kisiangukie juu ya kiungo cha chini. Kila neti ikishalazwa hupigwa teke dogo kwa kisigino. Teke hilo lina kazi: vitunguu ni vya mviringo, na vikitupwa ndani ya neti hukaa ovyo, vikiacha matundu ambayo safari itayajaza yenyewe. Neti iliyopigwa hukaa chini mapema, pale pale sokoni, ambapo bado kuna mtu wa kuongeza nyingine juu yake. Kimo kikipita mbao za ubavu, neti huanza kuegemea ndani kidogo kidogo, kila safu ikirudi nyuma upana wa vidole, mpaka mzigo unapopata mgongo ulioinuka katikati. Kamba itakayopita juu ya mgongo wa namna hiyo itabana kila kitu kuelekea ndani. Mzigo wenye juu bapa hubanwa pembeni tu, na katikati yake hubaki huru kurukaruka kwenye matuta.

Na matuta ni mengi mno. Kati ya Chwele na Webuye lori hupita vijiji, shule na vituo vya soko, na karibu kila kimoja kina tuta lake.

Vitunguu vina sharti jingine, la hewa. Ukivifunika turubai pande zote, joto na unyevu hukaa ndani na vile vya katikati huanza kutoa maji. Hapo mzigo mkavu umegeuka mzigo unaovuja, na anayelaumiwa Nairobi ni mkulima. Kwa hiyo vijiti hulazwa juu ya mgongo wa mzigo ili turubai lisigusane na neti, na ncha za mbele na za nyuma huachwa wazi kiasi, upepo uingie huku utokee kule. Mvua ikionekana mlimani, ncha ya mbele hushushwa kwanza. Haya yote huamuliwa kwa kutazama mawingu ya Elgon, dakika chache kabla ya kamba kurushwa.

Nyanya zina mambo yake. Huenda kwenye makasha ya mbao, na kasha la chini hubeba uzito wa yote yaliyo juu. Mpakiaji mzuri huhakikisha kingo za kasha zinakaa juu ya kingo za kasha, mbao juu ya mbao, uzito ushuke kwa mbao badala ya kupitia kwenye nyanya. Kasha lililojazwa kupita kingo zake hurudishwa chini, hata mwenyewe akipiga kelele, maana hilo ndilo litakalotoa maji yatakayoteremka safu baada ya safu mpaka lami. Kabeji hupakiwa zikiwa na majani yake ya nje. Yanakufa yale ili ya ndani yapone. Ndizi mbichi hutoa utomvu mahali zilipokatwa, kwa hiyo hutandikiwa majani makavu ya mgomba, yanayonyonya utomvu na pia kuzuia mikungu isisuguane. Sokoni majani hayo hutupwa, wala hakuna anayeuliza yalifanya kazi gani.

Kuna swali la uzito, ambalo watu wengi hudhani linamhusu mwenye lori peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo kimoja kwa nchi zote wanachama: tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, 18 kwa ekseli pacha, 24 kwa ekseli tatu zilizoandamana, na jumla isiyozidi tani 56 kwa gari kubwa kuliko yote. Mizani ya Webuye iko barabara kuu ya kwenda Eldoret, na nyingine ya Gilgil inangoja mbele. Mizani hizi hupima kila kundi la ekseli kwa nafasi yake. Lori linaweza kuwa halali kwa jumla na bado likakutwa na kosa kwa sababu magunia mazito yalirundikwa mahali pamoja, na hapo dereva ataambiwa aupange mzigo upya kando ya barabara, juani, bila genge la Chwele la kumsaidia.

Kwa hiyo anayeamua kama lori litapita Webuye ni yule aliyesimama kwenye bodi akielekeza, hili mbele, hili nyuma. Viazi vizito akivisukuma vyote nyuma, ekseli ya nyuma itazidi na usukani utakuwa mwepesi. Dereva atakata kona na gari litaendelea kwenda moja kwa moja. Akivirundika vyote mbele, usukani utakuwa mzito na matairi ya mbele yatalia. Mahali panapofaa ni mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Wazee wa kazi hii husimama nyuma ya lori na kutazama springi: ngapi zimelala, upande upi umelala zaidi. Wanasoma uzito kwa macho, na mizani ikiwathibitisha hawashangai.

Sababu ya ukali huo juu ya ekseli inafaa kujulikana na kila anayelalamikia mashimo ya barabara zetu. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio huko Ottawa, jimbo la Illinois, wakipima zilivyochakaa. Walichokiona ni kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka takriban mara kumi na sita. Lami ya Bungoma hadi Chwele ni kodi ya watu wa Bungoma na Kenya nzima. Mpakiaji anayekataa kuongeza magunia kumi juu ya mgongo uliojaa anailinda, na mara nyingi hukatwa malipo kwa kukataa kwake.

Sasa kamba. Hapa ndipo mimi husimama nikasahau nilichokuja kununua.

Kamba hurushwa kutoka upande wa dereva, ikavuka mgongo wa mzigo, ikapokelewa upande wa pili. Upande wa kwanza imefungwa kwenye kulabu iliyo chini ya bodi kwa kitanzi kisichokaza wala kulegea. Anayepokea huivuta mpaka ikae sawa, bila nguvu bado. Kwenye kimo cha kifua chake huipinda kamba mara moja, akachomoa mkunjo mdogo kupitia ule upindo, na tayari kuna jicho katikati ya kamba. Ncha iliyobaki huipitisha chini ya kulabu, akaipandisha na kuitia ndani ya jicho, kisha akaivuta chini kwa uzito wake wote, mguu mmoja umeegemea tairi. Ncha ile inapozunguka kulabu na kurudi kupitia jichoni, nguvu ya mvutaji huongezeka, kwa hesabu ya vitabuni mara tatu, ingawa msuguano hula sehemu yake. Mtu wa kilo 60 anaweza kubana mzigo kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake mwenyewe, bila chuma, bila mashine. Mwenzake hupiga kamba kwa kiganja pale juu inapokatisha kona ya mzigo, ili iteleze na kukaza pande zote mbili. Vuta, piga, vuta, piga. Hatimaye ncha hubanwa kwa kidole gumba, ikazungushwa mara mbili na kufungwa kwa kitanzi cha kuchomoa, ili atakayeishusha Nairobi saa tisa usiku aifungue kwa mvuto mmoja.

Fundo hili wanalijua madereva wa malori duniani kote, wengine sasa wana mikanda yenye kikazio cha chuma. Ninachokipenda katika mikono ya Chwele ni jinsi inavyochagua pembe. Kamba inayoshuka wima kutoka ukingo wa mzigo hadi kulabu hubana kwa nguvu yake yote. Ile inayoshuka kwa mshazari wa nyuzi 30 kutoka usawa wa bodi hubana kwa nusu tu, nguvu yake nyingi imepotea ikivuta pembeni. Kwa mzigo mfupi, ambapo kamba ingelala hivyo, huongeza kamba au hupandisha safu moja katikati ili iiname zaidi. Tena wanajua tabia ya kila kamba. Ya katani hukaza ikilowa mvua na kulegea ikikauka. Ya nailoni hutanuka. Ile ya plastiki ya rangi huliwa na jua mpaka ikatika kama haikuwahi kuwa na nguvu, kwa hiyo kabla ya kuitumia hupindwa na kutazamwa ndani, kwani nje hudanganya.

Lori likiondoka, kazi haijaisha. Imehamia kwa tanboi, msaidizi wa dereva. Kanuni za Marekani zinamtaka dereva aukague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kilomita 80 hivi, kisha kila baada ya saa 3 au maili 150. Madereva wa njia hii hufanya hivyo kabla ya Eldoret bila kuandikiwa. Mzigo hushuka njiani, na mzigo ukishuka vidole viwili kamba iliyokuwa imekaza imekuwa pambo. Tanboi huzunguka lori akizipiga kamba zote, moja moja, akisikiliza. Iliyokaza hulia, iliyolegea hujibu kwa sauti nzito isiyo na urefu. Hiyo hufunguliwa na kufungwa upya, hata kama abiria wa kuomba lifti wanahimiza.

Mbele yao kuna Burnt Forest, Timboroa, kisha mteremko mrefu wa Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka pale, petroli ikamwagika, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Malori ya vitunguu kutoka Kabuchai kwenda Nairobi hupita mahali hapo. Baada ya Sachangwan, kuita ufungaji wa mzigo jambo dogo ni kutowaheshimu waliolala pale.

Nyumbani kwetu hatari huja zaidi kwa miwa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga mwaka 1978, na tangu hapo trekta zenye trela za miwa zimekuwa sehemu ya barabara za Bungoma. Mua unaodondoka hukanyagwa na magari, maji yake yakatapakaa juu ya lami, na bodaboda anayefuata akateleza. Watoto nao hukimbilia trela kuchomoa miwa, na wapo walioangukia chini ya magurudumu. Mpakiaji hodari wa miwa huilaza shina huku na ncha kule kwa zamu, kwa sababu shina ni nene na mzigo uliopangwa upande mmoja huinama. Akimaliza hutembea kandokando na panga akikata vyote vinavyochomoza, ndipo mnyororo unapokazwa. Trela iliyochongwa hivyo haina mua wa kuvutwa na mtoto. Nimeziona chache, natamani zingekuwa zote.

Kiwandani hutoka pia molasi, inayonunuliwa na wafugaji. Lita moja ya molasi ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Tangi ambalo likijazwa maji linabeba tani 10, likijazwa molasi linabeba 14, na anayelijaza kwa kutazama ujazo peke yake ataivunja sheria ya ekseli kabla hajatoka langoni. Kwenye matangi kazi ya kamba hufanywa na koki na kipande cha mpira kinachozuia uvujaji. Fundi mmoja wa pale Bungoma hufuta kila koki kwa kitambaa kikavu, akangoja, akafuta tena, na akaangalia kitambaa mara ya pili. Kikiwa na doa, lori haliondoki.

Ukifika upande wa Kitale, mzigo mkuu ni mahindi, na kumwagika huanza na sindano. Gunia hushonwa kwa sindano ndefu iliyopinda na uzi wa katani, na kila kona huachiwa sikio la kushikia, ili mbebaji asilishike kwa kucha na kulipasua. Kisha wanunuzi huja na chuma chenye mfereji, wakalichoma gunia ubavuni kuchukua sampuli ya kupima unyevu na ubora. Tundu linabaki. Hapo utaona kitu kidogo ambacho wengi hawakitilii maanani: mpakiaji hupita na ukucha wa kidole gumba akikwaruza juu ya tundu, mara wima, mara mlalo, mpaka nyuzi zilizosukumwa kando zikarudi mahali pake na tundu likafumba. Ni sekunde tatu hivi. Tundu lisilofumbwa huacha mstari mwembamba wa punje njia nzima, na kuku wa Kiminini na Kamukuywa wanajua malori ya nani hayakufumbwa.

Gunia hilo la mahindi lina kilo 90. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Kenya ilipunguza gunia la viazi hadi kilo 50 katika kanuni za mwaka 2019, na bado yale ya kuongezewa kichwa yanaonekana sokoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, nasi tumeipima ekseli ya lori kwa mizani ya mamilioni huku mgongo wa mpakiaji ukipimwa kwa kuvumilia kwake. Hulipwa kwa gunia. Anayefagia, anayepiga teke neti, anayerudisha kasha lililojaa mno, hupoteza muda ambao kwake ni pesa, na bado hufanya hivyo. Nawaheshimu sana kwa jambo hilo.

Lakini heshima pekee haitoshi. Kila lori linalotoka sokoni hulipa ushuru wa kaunti. Sehemu ndogo yake ingetosha kujenga jukwaa la zege pale Chwele, lenye kimo cha sakafu ya lori, mteremko upande mmoja wa kupandia kwa mkokoteni, na paa la kuzuia mvua ya mchana. Juu ya jukwaa hilo gunia lingetembea sawa na ardhi mpaka kwenye bodi bila kupanda bega la mtu. Upana wake usiwe chini ya mikokoteni miwili kupishana, na ukingo wake wa mbele uvikwe mpira wa matairi ya zamani, malori yasiukate yanaporudi nyuma. Na ziachwe hatua kama tatu wazi kila upande wa lori, maana anayekaza kamba anahitaji nafasi ya kulala nyuma kwa uzito wake wote.